Wimbo wa "Malaika" na Safari Zake

Mtu wa Kisii au Nyamira, ambako mahari tangu zamani yalihesabiwa kwa ng'ombe, hahitaji kuelezwa maana ya wimbo "Malaika". Ni kilio cha kijana ampendaye msichana, asiweze kumwoa kwa kukosa fedha.

Fadhili William wa Kenya aliutia wimbo huo katika sahani ya santuri mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutoa huko Marekani. Mwaka 1981 kikundi cha Boney M, na mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin.

Lakini hadi leo watu hushindana juu ya mtungaji wake, wengine wakimtaja Adam Salim wa Tanganyika. Basi atungaye wimbo na auandikishe mapema kwa jina lake, asije akaipoteza haki yake.