Mafuta ya moteri: motari achague gani?

Kwa motari wa Goma, Bukavu, Butembo ao Uvira, moteri ikikufa, chakula ya nyumba nayo inasimama, na mwenye moto anangojea pesa yake kila jioni. Hata hivyo, wengi wananunua mafuta ya moteri kwa kuangalia bei tu. Kumbe jibu limeandikwa juu ya bidoni yenyewe.

Namba zinasema nini?

Moto nyingi za taksi, kama vile Bajaj Boxer na TVS, ziko na moteri ya 4T. Kufuatana na aina yake, kitabu cha moto kinaomba 20W-50, 20W-40 ao 10W-30. Namba iliyo mbele ya W inaonyesha namna mafuta yanatembea wakati wa baridi: ikiwa ndogo, yanafika haraka kwenye vyuma asubuhi. Namba ya nyuma inaonyesha uzito wake moteri ikisha kupata moto. Mafuta mepesi kupita yale moteri inaomba hayakingi vyuma vizuri wakati moto inapanda mulima na abiria wawili na mizigo.

Mafuta ya gari je?

Hapa ndipo wengi wanakosea. Katika moto nyingi, ambreyaji inaogelea ndani ya mafuta yale yale ya moteri. Mafuta mengi ya gari yanatiwa dawa ya kupunguza msuguano juu ya kuchunga esansi. Dawa hiyo inafanya ambreyaji iteleze: moteri inalia, lakini moto haisogei sawasawa. Basi mutu atafute kwenye bidoni maandishi JASO MA ao MA2. JASO MB ni ya skuta zenye ambreyaji kavu.

Moto za 2T, kama Yamaha AG 100 ambayo waganga wengi wa vijijini wanaijua, ziko mbali na hayo. Mafuta yake yanaungua pamoja na esansi, kwa hiyo yanahitaji bidoni iliyoandikwa 2T.

Kujikinga na udanganyifu

Mafuta yaliyokwisha kutumika yanaweza kuchujwa na kuuzwa tena kwa bei ya chini. Ni vizuri kununua bidoni ambayo kifuniko chake hakijafunguliwa, na kuivunja mbele ya macho ya fundi. Kisha vidanje, bidoni tupu itobolewe, isijazwe tena na mwingine.

Wakati wa vidanje

Kitabu kinatoa kilometa za kufuata, lakini vumbi, matope na mizigo mingi vinaomba vidanje ya mbio zaidi. Kama kilometaji imekufa, motari ahesabu siku. Kila asubuhi apime kiwango, moto ikisimama wima. Moteri ndogo inabeba lita 1 hivi tu. Ikipungua kidogo, hasara inakuja mbio. Mafuta kuwa meusi si ajabu, ni kazi yake kubeba uchafu. Lakini yakifanana na maziwa, maji yameingia, pengine kisha kuvuka muto: vidanje ifanywe siku ile ile.

Mafuta ya zamani yasimwangwe kwenye mtaro, kwani mvua inayapeleka ziwani, kule watu wanachota maji.

Bidoni nzuri inaomba franka zaidi leo. Lakini pistoni na silinda vikiharibika, motari anapoteza pesa ya vipuri pamoja na siku zote moto inalala garaji.