Kitenzi «attend»: kuwapo, kuhudumia, kungoja

Sentensi ya Kiingereza «The doctor will attend to you» ni fupi na haina neno gumu. Hata hivyo, mwanafunzi wa Fizi au Baraka anaweza kuitafsiri «Daktari atakungoja», ilhali maana yake ni «Daktari atakuhudumia». Kosa hili halitokani na uvivu. Linatokana na njia tunayopitia: kati ya Kiswahili au Kibembe cha nyumbani na Kiingereza kuna Kifaransa cha shuleni, chenye kitenzi «attendre», yaani kungoja.

Maneno hayo mawili yana asili moja, kitenzi cha Kilatini «attendere»: «ad», kuelekea, na «tendere», kunyoosha. Aliyenyoosha akili yake kuelekea kitu alikuwa akikizingatia. Kifaransa kilishika upande wa kungoja, kwa kuwa anayengoja huelekeza macho kwa yule ajaye. Kiingereza kililipokea neno hilo kutoka Kifaransa cha kale, na zamani nacho kililitumia kwa maana ya kungoja. Bado tunaikuta katika tamthilia za Shakespeare. Leo maana hiyo imekaribia kutoweka. Zimebaki hasa mbili: kuwapo mahali, na kuangalia mtu au jambo.

Kinachotofautisha maana hizo ni kile kinachofuata kitenzi. Likifuata moja kwa moja jina la tukio au taasisi, maana ni kuwapo. «Attend a meeting» ni kuhudhuria mkutano, na ndiyo maana tunasaini liste de présence. Lakini «kuhudhuria» hakufai kila mahali. «Attend school» ni kusoma shuleni. «Which church do you attend?» ni swali lile lile tunalouliza kila siku: «Unasali wapi?» Kuhusu msiba tunasema tulikwenda kuzika, au tulikuwa kwenye matanga. Jirani akimwambia mfiwa «nilihudhuria mazishi», maneno yatakuwa sahihi, lakini yatasikika kama ripoti ya ofisi.

Ikifuata «to», maana inageuka kuwa kuangalia. Mtu huhudumiwa, jambo hushughulikiwa, na maneno ya mwalimu husikilizwa au huzingatiwa. Kwa hiyo «He attended the meeting» na «He attended to the matter» zahitaji vitenzi viwili tofauti kwetu: alihudhuria mkutano, alishughulikia jambo. Mtu anaweza kufanya la kwanza bila kufanya la pili, na wanakijiji waliokaa katika mikutano mingi wanalijua hilo.

Kuna mahali ambapo kanuni hii haitoshi. Mganga au mkunga akiwa ndiye mtendaji, Kiingereza huacha «to» huku maana ikibaki ya kuhudumia. «A midwife attended the birth» haisemi kwamba mkunga alikuwapo tu akitazama. Inasema kwamba alimzalisha mama. Katika ripoti ya afya, tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha kama mama alipata msaada au hakupata. Hapo mfasiri atazame pia mtendaji ni nani na kazi yake ni ipi.

Sasa tugeukie kitenzi kinachokaa jirani na hiki. Kwa Kifaransa, kuhudhuria mkutano ni «assister à une réunion», bali «assister quelqu'un» ni kumsaidia mtu. Kiingereza cha leo, katika «assist», kimebaki na kusaidia. Shahidi akisema «J'ai assisté à l'attaque», anasema alikuwapo, alishuhudia shambulio. Mkalimani akiandika «I assisted in the attack», amemfanya shahidi aseme kwamba alisaidia kushambulia. Neno moja limempeleka mtu kutoka upande wa walioshuhudia hadi upande wa waliotenda.

Kwetu mfano huo si wa darasani tu. Mwezi wa Februari 2011 mahakama ya kijeshi ilikaa Baraka kusikiliza kesi ya ubakaji uliotendwa na wanajeshi mjini Fizi tarehe 1 Januari mwaka huo, na habari za kesi hiyo zilisomwa nje ya nchi kwa Kiingereza. Ng'ambo ya ziwa, katika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996, Wakongo wamehojiwa kupitia wakalimani kabla ya kupokewa Marekani na kwingineko. Katika mahojiano ya namna hiyo, «Did you attend?» ni kuuliza kama ulikuwapo, «Did you assist?» ni kuuliza kama ulisaidia. Majibu yake yana uzito tofauti kabisa.

Basi anayetafsiri asianze kwa kutafuta neno la Kifaransa linalofanana na la Kiingereza. Aanze kwa kujiuliza: mtu huyu alikuwapo tu, au alitenda? Kama alitenda, alimtendea nani, na nini? Akishapata jibu, Kiswahili kitampa kitenzi: kuhudhuria, kushuhudia, kusikiliza, kushughulikia, kuhudumia, kuzalisha, kusaidia. Na kama sentensi yenyewe haitoi jibu, amuulize msemaji kabla ya kuandika.