Yeye yuko Leeds, wewe uko Nakuru: jinsi miamala yako inavyosaidia ombi la viza ya mwenzi

Mwisho wa mwezi simu inalia. Umepokea pesa kutoka Uingereza. Unatabasamu, unalipa kodi ya nyumba, unanunua unga na mafuta, halafu unafuta ile meseji kwa sababu simu imejaa.

Ngoja kwanza. Kama mumeo au mkeo anaishi Uingereza na mnapanga siku moja muishi pamoja huko, hiyo meseji uliyofuta ilikuwa sehemu ya ushahidi wenu.

Binamu yangu alikuja kulijua hili akiwa amechelewa. Mume wake yuko Leeds, yeye alikuwa Nakuru. Kwa miaka mitatu mume alimtumia pesa kila mwezi bila kukosa. Siku ya kuandaa ombi la viza, akapakua taarifa ya akaunti yake, akaichapisha, akaiangalia. Kila ukurasa ulikuwa na jina la kaka yake! Kumbe alipoichukua ile laini alikuwa bado hajapata kitambulisho, kwa hivyo kaka yake akamsajilia kwa chake. Miaka ikapita, hakuna aliyekumbuka. Kwenye karatasi, ilionekana mume wake amekuwa akimtunza shemeji yake miaka yote hiyo.

Nitakwambia mwisho walivyojitoa hapo. Lakini kwanza tuelewe viza yenyewe inataka nini.

Viza hii inaangalia nini?

Hapa tunazungumzia viza ya Uingereza ya kumfuata mke, mume au mpenzi ambaye ni raia wa huko au ana ruhusa ya kuishi huko moja kwa moja. Unaiomba ukiwa nje ya Uingereza. Usije ukadanganywa kwamba utaingia na viza ya matembezi halafu uibadilishe ukiwa huko. Hairuhusiwi.

Mambo makubwa ni haya:

1. Uhusiano. Nyote muwe na miaka 18 au zaidi, muwe mmewahi kuonana ana kwa ana, na muwe mmefunga ndoa inayotambulika kisheria. Kama hamjaoana, muwe kwenye uhusiano unaofanana na ndoa kwa angalau miaka 2. Kuna pia njia ya wachumba wanaokwenda kuoana kule.

2. Mapato ya aliye Uingereza. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, wanaoomba kwa mara ya kwanza wanatakiwa kuonyesha mapato ya pauni 29,000 kwa mwaka. Zamani ilikuwa 18,600. Hapa wengi hushangaa: mshahara wako wa Nakuru au Nairobi hauhesabiwi, hata uwe mkubwa namna gani. Unaohesabiwa ni wa mwenzako aliye kule. Ndiyo maana yeye lazima atunze hati zake za mshahara, barua ya mwajiri na taarifa za benki.

3. Kiingereza. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanasamehewa mtihani, hata kama umesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Utafanya mtihani wa ngazi ya A1 kwenye kituo kilichoidhinishwa, au utumie digrii iliyofundishwa kwa Kiingereza baada ya kuthibitishwa na Ecctis.

4. Kipimo cha kifua kikuu. Ukiishi Kenya unapimwa kwenye kliniki ya IOM, Nairobi. Cheti kinadumu miezi 6, kwa hivyo usikimbilie kupima kabla hamjawa tayari na mengine.

5. Makao. Muonyeshe mtaishi wapi mkifika.

Kuhusu ndoa, neno moja kwa wale waliofanya ruracio, ayie au sherehe nyingine ya nyumbani na kuishia hapo. Picha za siku hiyo ni nzuri sana, zibebe. Lakini ukiomba kama mke au mume utaulizwa cheti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za kimila, na zinasajiliwa kama zile za kanisani, za Kiislamu, za Kihindu na za kiserikali. Sajilini mapema.

Gharama ni kiasi gani?

Shika kiti. Kuanzia Aprili 2025 ada ya ombi ukiwa nje ya Uingereza ilikuwa pauni 1,938. Juu yake kuna ada ya huduma ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka. Viza ya kwanza ya mke au mume hutolewa kwa miaka 2 na miezi 9, na hapo unalipishwa kama miaka 3, yaani pauni 3,105. Kwa ada hiyo, jumla ilikuwa pauni 5,043. Ukipiga hesabu ya shilingi 170 kwa pauni, ni zaidi ya shilingi 850,000, na bado hujaweka mtihani, kipimo wala nauli.

Ombi likikataliwa, ile ada ya afya hurudishwa. Ile ya ombi hairudi. Kwa hivyo kupeleka ombi lenye mapengo ni kucheza na pesa nyingi. Pia viwango hivi hubadilika mara kwa mara, kwa hivyo hakikisha kwenye tovuti ya gov.uk siku ile mnayotaka kulipa.

Sasa miamala inaingia wapi?

Afisa anayesoma ombi lenu hawajui. Hakuwa kwenye harusi yenu, hajui mnavyopigiana simu usiku. Anaona karatasi tu, na kutokana na karatasi hizo anaamua kama uhusiano wenu ni wa kweli na unaendelea. Wanaoishi pamoja huonyesha bili za nyumba moja. Nyinyi hamna nyumba moja kwa sasa, kwa hivyo mnaonyesha vitu vingine: tiketi za safari alizokuja kukuona, picha na familia zote mbili, mazungumzo ya simu, na jinsi mnavyosaidiana majukumu ya pesa.

Nieleweke hapa. Kutumiana pesa si sharti la viza. Hakuna kiwango cha chini, na hakuna anayenyimwa kwa sababu tu mwenzake hakutuma elfu ishirini kila mwezi. Lakini kama mnatumiana tayari, mna ushahidi wenye tarehe, majina na kiasi. Kuutupa ni hasara.

Ushahidi huo una ncha mbili. Ncha ya kwanza iko kwake: taarifa ya benki inayoonyesha pesa zimetoka, pamoja na risiti ya kampuni aliyotumia kutuma. Ncha ya pili iko kwako: taarifa ya akaunti yako ya simu inayoonyesha pesa zimeingia. Tarehe zikikaribiana na majina yakilingana, afisa hana haja ya kubahatisha.

Na usiishie kwenye pesa zilizoingia. Angalia zilienda wapi. Alituma tarehe 1, wewe ukalipa kodi tarehe 2. Alituma Januari, siku hiyo hiyo ukalipa karo ya mtoto kwa Paybill ya shule. Alituma wiki ambayo mama yake alilazwa, nawe ukalipa hospitali. Ukiweka alama ya kalamu kwenye mistari kama hiyo, mtu asiyewajua ataona familia inayoendesha maisha pamoja hata kama imetenganishwa na bahari.

Fanya hivi kuanzia leo

Hakikisha laini ni yako. Angalia jina ambalo akaunti imesajiliwa na ulilinganishe na pasipoti. Kama laini ni ya mama, kaka au rafiki, usingoje. Badilisha usajili au fungua akaunti kwa jina lako, kisha mwambie mwenzako atumie hiyo.

Angalia tahajia. Kitambulisho kikisema Wanjiku na pasipoti Wanjikū, si shida kubwa. Lakini kama kimoja kina majina mawili na kingine matatu, au ulibadilisha jina baada ya ndoa, weka maelezo mafupi kwenye barua yenu.

Pakua taarifa, usitegemee meseji. Meseji hufutika, simu huibiwa. Taarifa rasmi ya akaunti ina jina lako, nambari yako na miamala yote kwa mpangilio. Jiwekee mazoea ya kupakua kila baada ya miezi 3 na kuhifadhi kwenye barua pepe yako. Faili ikija na nambari ya siri, iandike mahali salama.

Tumieni njia moja. Mwezi huu kwa laini yako, mwezi ujao kwa jirani, mwezi unaofuata apewe rafiki anayesafiri kuja Kenya. Pesa zinafika, lakini hadithi inakatika. Pesa taslimu mkononi haziachi alama yoyote.

Msianze kutumiana ghafla. Miaka miwili kimya, halafu shilingi laki mbili wiki moja kabla ya ombi? Hilo linaleta maswali. Kidogo cha kila mwezi kina uzito kuliko kikubwa cha siku moja.

Usiguse faili. Kuna watu mtaani watakwambia wanaweza "kusafisha" taarifa yako, waondoe mstari huu na kuongeza ule. Kataa. Karatasi ya uongo ikigunduliwa ombi linakataliwa, na doa hilo litakufuata kwenye maombi mengine.

Tafsirini yaliyo ya Kiswahili. Hati yoyote isiyo ya Kiingereza au Kiwelshi lazima iambatane na tafsiri kamili iliyothibitishwa. Mazungumzo yenu ya Kiswahili au Dholuo ni matamu, lakini msipeleke kurasa 400. Chagueni machache ya vipindi tofauti, mkatafsiriwe hayo. Taarifa ya akaunti iliyo kwa Kiingereza haina gharama hiyo.

Jihadhari na "ajenti wa viza"

Hapa enyewe watu wengi wameumia. Mtu anakupigia, anaongea vizuri, anasema ombi lako limekwama na ukituma shilingi 30,000 kwa nambari yake litasonga leo. Shika haya:

Ada za viza ya Uingereza hulipwa mtandaoni wakati wa kujaza ombi kwenye gov.uk. Hazitumwi kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, hata kama jina linalotokea ni la heshima.

Mwenzako aliye Uingereza anaweza kulipa ada kwa kadi yake. Si lazima pesa zije Kenya kwanza ndipo zirudi.

Mshauri wa uhamiaji aliye Uingereza lazima awe amesajiliwa au awe wakili. Mamlaka inayowasimamia inaitwa Immigration Advice Authority, na unaweza kutafuta jina la mshauri kwenye orodha yake bila malipo.

Hakuna anayeweza kukuhakikishia viza. Anayesema "ni asilimia mia" anauza ndoto.

Ukiwa umeshatuma pesa na ukashtuka, piga simu huduma kwa wateja mara moja, kabla hazijatolewa kwa wakala. Hapo kila dakika ina thamani.

Na binamu yangu?

Kaka yake alienda kwa wakili akaapa kwamba laini ilisajiliwa kwa kitambulisho chake lakini aliyeitumia wakati wote ni dada yake. Mume akaleta taarifa za benki za miaka yote mitatu, zikilingana na tarehe za Nakuru. Binamu akapanga malipo ya kodi ya nyumba aliyokuwa akiishi, mwezi kwa mwezi, na mwenye nyumba akaandika barua kuthibitisha nani mpangaji wake. Wakaweka barua ya ukurasa mmoja mbele, ikieleza kila kitu bila kuficha.

Kazi hiyo iliwachukua miezi miwili. Cheti cha kifua kikuu kikaisha muda wakiwa katikati, ikabidi apime tena na kulipa tena. Viza ilitoka. Lakini ukimuuliza leo, atakwambia kitu kimoja: kubadilisha jina la laini kungemchukua asubuhi moja tu, miaka mitatu mapema.

Kwa hivyo kabla hujafunga ukurasa huu, fungua akaunti yako. Angalia jina. Pakua taarifa ya miezi 6 iliyopita. Kisha mpigie mwenzako umwambie naye apakue ya kwake.