Foleni ya Matukio ndani ya Kitatuzi: Kufuli Peke Yake Halitoshi

Programu inayohudumia watu wengi kwa wakati mmoja haifuati mkondo mmoja tu wa maagizo, bali hugawa kazi zake katika nyuzi, yaani mikondo kadhaa inayokwenda sambamba huku ikitumia kumbukumbu ileile ya kompyuta. Mfano ulio karibu ni OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliobuniwa mwaka 2004 na Burke Mamlin na Paul Biondich kutokana na mahitaji ya mpango wa AMPATH mjini Eldoret, na ambao ulianza kutumika huko Februari 2006. Mfumo huo umeandikwa kwa lugha ya Java, na uzi mmoja unapomfungulia mwuguzi faili ya mgonjwa, mwingine unaweza kuwa unachambua ujumbe wa kitabibu uliokuwa ukisubiri zamu yake. Hitilafu ikijificha humo, mhandisi hutumia kitatuzi, ambacho ni programu inayojishikiza kwenye programu nyingine ili kuisimamisha mahali alipopataka, kuchungulia thamani zilizomo, kisha kuiachilia iendelee.

Kitatuzi huishi kwa kuarifiwa. Uzi mpya ukizaliwa, agizo lenye alama ya kusimamisha likifikiwa, kosa likirushwa au programu nzima ikifa, habari hiyo hukifikia kama tukio, na matukio hayo huja kwa kasi isiyotabirika wakati mhandisi naye anabonyeza vitufe upande wa pili. Kwa sababu hiyo kitatuzi chenyewe huwa na nyuzi zisizopungua mbili, mmoja wa kupokea matukio na mwingine wa kuhudumia skrini, na katikati yake huwekwa foleni ambayo ya kwanza kuingia ndiyo ya kwanza kutoka.

Foleni isiyolindwa huharibika kimyakimya. Tuseme nafasi ya wazi ni ya 7, na nyuzi mbili zinataka kuweka matukio kwa pamoja: wa kwanza unasoma kwamba nafasi ni 7, na kabla haujaandika chochote wa pili unasoma 7 hiyohiyo, kisha kila mmoja unaandika tukio lake humo na kusogeza hesabu hadi 8. Tukio moja limefutwa na hakuna kosa lililotangazwa, sawa na makarani wawili wa bohari la mahindi wanaoyapa malori mawili namba moja kwa kuwa kila mmoja alichungulia daftari kabla mwenzake hajaandika. Ubaya wa hitilafu ya aina hii ni kwamba hutegemea tofauti ya sehemu ndogo sana ya sekunde, na mara nyingi hutoweka pale mtu anapoanza kuitafuta, kwa kuwa kusimamisha uzi mmoja hubadilisha mwendo wa nyingine zote.

Dawa ya kawaida ni kufuli, ambalo uzi mmoja tu huweza kulishika kwa wakati mmoja, likiambatana na ishara ya kuamsha ili uzi unaokuta foleni tupu ulale badala ya kuzunguka bure ukila nguvu za kompyuta. Utaratibu wa kuunganisha viwili hivyo ulielezwa vizuri na C. A. R. Hoare mwaka 1974, na tangu toleo la 5 la Java, la mwaka 2004, foleni salama za namna hiyo zimo ndani ya maktaba ya lugha yenyewe, hivyo hakuna sababu ya maana ya kuziandika upya. Anayelazimika kuziandika ajihadhari na mitego miwili. Uzi unapoamka sharti uangalie tena kama foleni ina kitu, kwa kuwa Java inaruhusu uzi kuamka bila kuitwa, na pia mwenzake anaweza kuwa amekwisha kuliwahi tukio. Pili, kufuli lifungwe juu ya kitu kisichobadilishwa kamwe. Likifungwa juu ya kigeu cha ndiyo-au-hapana, mara thamani inapogeuka kigeu huelekezwa kwenye kitu kingine, na nyuzi mbili hujikuta zimeshika makufuli mawili zikidhani ni moja.

Hata hivyo, yote hayo ni sehemu nyepesi ya kazi. Foleni ya kitatuzi hutofautiana na foleni nyingine kwa kuwa kila tukio la kusimama lina uzi halisi ulioganda nyuma yake, ukingoja ruhusa. Foleni ya kumbukumbu za mfumo ikijaa, kutupa habari chache za zamani hakumdhuru mtu. Kitatuzi kikitupa tukio moja la kusimama, uzi husika hubaki umeganda milele. Kiolesura cha utatuzi cha Java huyafunga pamoja matukio yanayotokea kwa wakati mmoja katika fungu moja, na humpa msanidi hiari ya kusimamisha nyuzi zote, uzi wenye tukio peke yake, au kutosimamisha chochote. Aidha, uzi uliosimamishwa mara mbili hauendelei mpaka uachiliwe mara mbili.

Swali linalofuata ni la haki ya kutoa amri. Katika Linux, uzi uliojishikiza kwenye programu ndio pekee unaoweza kuiamuru, na Windows nayo hukubali tu uzi ulioanzisha utatuzi ndio usubiri matukio yake. Kwa hiyo uzi wa skrini hauwezi kusema "endelea" moja kwa moja. Huweka amri katika foleni ya pili inayorudi nyuma, na uzi mwenye haki huichukua na kuitekeleza. Ni kosa kubwa pia kuwaita wasikilizaji wa tukio, yaani sehemu za programu zinazongoja kuarifiwa, huku kufuli la foleni likiwa bado limeshikwa, kwa kuwa msikilizaji akitaka naye kuweka amri kwa kupitia uzi mwingine, kila upande humngoja mwenzake na kitatuzi hukwama. Tukio la mwisho, lile la kukatika kwa mawasiliano, lazima limwamshe kila anayesubiri, la sivyo dirisha la kitatuzi halifungiki.

Kwa wanaoitunza OpenMRS, uamuzi wenye uzito zaidi ni ule wa kiasi cha kusimamisha. Foleni yake ya ujumbe wa HL7, ambao ni muundo wa kupashana habari za tiba, imesanifiwa kuwa na mchakataji mmoja tu kwa wakati mmoja, na wa pili akimkuta mwenzake kazini hurudi nyuma. Mchakataji akigandishwa na alama ya kusimamisha, ujumbe haupotei, kwa kuwa umehifadhiwa katika hifadhidata, lakini hulundikana. Na kitatuzi kikisimamisha nyuzi zote, hata skrini za kliniki huganda. Basi msanidi na ajishikize kwenye nakala ya majaribio, achague kusimamisha uzi wenye tukio peke yake, na seva inayohudumia wagonjwa asiiguse kwa kitatuzi.