Mkwe Asiyeulizwa Kwao

Mnamo Agosti 1994 aliingia Mombasa kijana mmoja wa asili ya Kifalastina, Mohammed Saddiq Odeh, mzaliwa wa Tabuk katika nchi ya Saudia na mlelewa wa Jordan, akapata mashua ya faibaglasi yenye kuchukua tani saba, akawa anapita nayo mwambaoni akinunua samaki kwa wavuvi na kuwauza kwa faida, na haukupita muda mrefu akaoa mjini, akawa mkwe wa watu. Kwa dhahiri yake hapakuwa na la kustaajabisha, kwa maana pwani hii tangu dahari imepokea wageni waliokuja na pepo za kaskazi, wakashusha shehena, wakaoa, wakazaa, na wajukuu wao leo ndio wenyeji. Lakini siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipoupasua ubalozi wa Marekani mjini Nairobi na kuua watu 213, na la pili likaua watu 11 mjini Dar es Salaam, muuza samaki huyo alikuwa mikononi mwa maafisa wa uwanja wa ndege wa Karachi, ndevu amezinyoa, na mkononi ana pasi ya Kiyemeni ambayo si yake. Usiku wa kuamkia siku hiyo ndipo aliporuka kutoka Nairobi.

Katika kesi iliyosikizwa New York mwaka 2001 ilibainishwa kwamba fedha za mashua ile zilitoka kwa Muhammad Atef, amiri wa mambo ya vita wa Al-Qaeda, na kwamba sehemu ya mapato ya samaki iliwapa masurufu wenziwe waliokuwa wakiishi Kenya. Tarehe 29 Mei mwaka huo Odeh na wenzake watatu walipatikana na hatia, na tarehe 18 Oktoba wakahukumiwa kifungo cha maisha. Hayo yameandikwa sana. Lisilotazamwa vya kutosha ni namna mtu anavyoweza kula sahani moja na wakwe zake miaka minne, akahudhuria maziko yao na harusi zao, nao wasijue lililo batini yake. Na jambo hilo, kwa sisi tuishio ng'ambo za Mombasa, Likoni, Changamwe na Kisauni, si hekaya ya mbali.

Wengi hudhani kwamba mwenye siri hujificha, na hapo ndipo wanapopotea. Odeh hakujificha. Samaki wake walikuwa samaki wa kweli, walionunuliwa kwa fedha taslimu na kuliwa na watu, na mashua yake ilionekana na kila aliyekuwapo pwani. Kazi ya bahari ina fadhila nyingi kwa mtu mwenye siri: humruhusu kutoweka nyumbani siku nyingi pasipo kuulizwa, kwani nani amuulizaye mvuvi kwa nini amekawia, ilhali upepo, mwezi na bamvua vyote ni udhuru, humpa sababu ya kushika noti nyingi leo na kuwa mkavu kesho, na humletea wageni wasiofahamika, ambao mke huwaandalia chai akijua kwamba hao ni washirika wa mume wake katika biashara, na ni washirika kweli. Uongo haukuwa katika jambo lolote alilolifanya mbele ya watu. Ulikuwa katika lile alilolinyamazia, na kunyamaza hakuna shahidi.

Wala hakuwa peke yake katika mtindo huo. Wadih el-Hage, raia wa Marekani mwenye asili ya Lebanon, aliishi Nairobi pamoja na mkewe na watoto, akiendesha jumuiya ya hisani na kufanya biashara ya vito, mpaka nyumba yake ilipopekuliwa Agosti 1997; akarudi Texas, akafanya kazi katika duka la magurudumu, na mwisho akasimama kizimbani pamoja na Odeh. Abu Ubaidah al-Banshiri, aliyekuwa mkubwa wao Afrika Mashariki, alikuwa na jina jingine, biashara yake na jamaa wa ndoa. Naye hakushikwa na askari wala kusalitiwa na mtu, bali alighariki katika meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 katika Ziwa Viktoria, miongoni mwa mamia ya wasafiri waliokufa siku ile. Shemeji yake alikuwa naye melini, akaokoka, na baada ya miaka akaeleza mahakamani jinsi mambo yalivyokuwa. Naona katika habari zote hizi hakuna inayotia huzuni kuliko ya shemeji huyo: kumwombolezea mtu, kisha kuambiwa na dunia nzima kwamba uliyemwombolezea hukumjua.

Basi kwa nini nimesema jambo hili si la mbali kwetu ng'ambo? Mtu aliyekulia Mji wa Kale anajua kwamba mle hakuna ajaye akakaa bila ya kuulizwa ni wa nani, kwa kuwa nyumba ni za mirathi na nasaba zimehifadhiwa vichwani mwa wazee. Ukivuka daraja la Nyali kwenda Kisauni, au Makupa kwenda Changamwe, au ukipanda feri kwenda Likoni, mambo hugeuka. Bandari, reli na kiwanda cha kusafisha mafuta kule Changamwe vilileta watu wa kila kabila kutafuta riziki, na kwa ajili yao zikajengwa nyumba za vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati na choo uani, kila chumba na mpangaji wake. Katika nyumba hizo watu huishi karibu mno: mwajua nani anakaanga nini na nani kagombana na mkewe jana. Lakini ukaribu huo ni wa masikio. Mpangaji huulizwa kodi yake, akilipa mwanzo wa mwezi ni mtu mwema, na anayemuuliza jirani yake kuhusu kwao huonekana mdaku.

Posa zamani ndiyo iliyokuwa ikiziba pengo hilo. Kijana alipotaka kuoa hakwenda mwenyewe. Alipeleka mshenga na wazee wake, nao wazazi wa binti hawakujibu siku hiyo wala juma hilo, bali waliomba muhula, na katika muhula huo kazi ilifanyika. Shangazi aliye Lamu alitumiwa salamu, mjomba aliye Vanga akaulizwa, nahodha asafiriye Pemba akapewa jina la ukoo akalipeleleze: je, watu hawa wana deni la damu, wana maradhi, ni wakali kwa wake zao, mali yao imetoka wapi? Ilikuwa mahakama isiyo na karani, na mara nyingine ilidhulumu, kwa kuwa wengi walikataliwa kwa sababu ya ufukara au ya asili tu, jambo ambalo halina utetezi. Ila swali la mali imetoka wapi halikuachwa hata siku moja.

Mgeni wa miaka ya tisini alikuja hana shangazi wala mjomba wa kuulizwa. Kwao ni nchi ya mbali yenye vita, barua haziendi, na yeye anasema wazee wake wamekufa au wametawanyika. Kilichokuwa mkononi mwa wakwe ni kile walichokiona: anaswali, hanywi, hatafuni miraa, analipa mahari bila kupunguziwa. Kwa wazazi waliochoka kuona vijana wa mtaani wakiangamia kwa unga wa kulevya, ambao nao uliingia Mombasa na kukaa, mtu wa namna hiyo alikuwa neema. Ucha Mungu ukachukua nafasi ya nasaba, na nikah ikampa mgeni kile ambacho hakuna serikali ingeweza kumpa kwa upesi hivyo, yaani watu wa kumtetea atakaposhukiwa.

Fazul Abdullah Mohammed, mzaliwa wa Komoro, aliyetafutwa kwa mabomu ya 1998, aliifahamu njia hii barabara. Ilhali picha yake imeenea duniani, alikwenda Siyu katika kisiwa cha Pate, akajiita Abdul Karim, akasomesha watoto, akaoa, na wakati huo biashara ya kamba wa baharini ikatoa gharama za mipango ya shambulio jipya. Tarehe 28 Novemba 2002 gari lililosheheni baruti liliingia katika hoteli ya Paradise huko Kikambala, wakafa Wakenya 10, wengi wao wacheza ngoma waliokuwa wakiwalaki wageni, na Waisraeli 3. Na muda huo huo, upande wa Changamwe, makombora mawili yalirushwa kuelekea ndege ya Arkia iliyokuwa inapaa kutoka uwanja wa Moi ikiwa na abiria 261. Yote mawili yalikosa. Fazul aliendelea kuponyoka hata alipouawa Mogadishu Juni 2011. Wenyeji walioshtakiwa kwa mauaji ya Kikambala, watu wa ukoo alimooa wakiwamo, waliachiliwa na mahakama Juni 2005 kwa kukosa ushahidi, baada ya kukaa rumande muda mrefu.

Hapa sina budi kusema kwamba hoja yangu ya posa ina mpaka. Saleh Ali Saleh Nabhan, aliyehusishwa na shambulio hilo hilo na kuuawa Somalia Septemba 2009, hakuwa mgeni. Alizaliwa Mombasa, na wazee wake wangeulizwa hapa hapa. Kwa mtu kama huyo upelelezi wa mashangazi ungeleta jawabu jema, na jawabu lingekuwa la kweli hadi siku fulani.

Je, wake walijua? Vyombo vya usalama aghalabu huanza na dhana kwamba walalao kitanda kimoja hugawana siri, na kwa dhana hiyo wanawake wengi wamechukuliwa alfajiri pamoja na watoto. Mimi naona dhana hiyo ni dhaifu. Katika kesi ya New York ilielezwa kwamba kazi zilitengwa makusudi, wapelelezi mbali na watekelezaji, ili anayeshikwa asiwe na mengi ya kusema. Na kundi lisilomwambia mwanachama wake aliyekula kiapo lina sababu gani ya kumwambia binti wa Mombasa aliyeolewa jana? Tena katika aila nyingi za kwetu mume hasemi biashara yake chumbani, na mke mwenye adabu haulizi. Sikatai kwamba wapo waliojua. Mjane wa mmoja wa waliojilipua London mwaka 2005, Samantha Lewthwaite, aliishi Mombasa na wanawe kwa pasi ya Afrika Kusini yenye jina jingine, na Septemba 2013 Interpol ikatangaza kumtafuta. Lakini huyo alikuja na siri yake mwenyewe.

Desemba 2011, katika fleti moja ya Kisauni, alikamatwa Mwingereza Jermaine Grant, naye akiwa ameoa Mkenya, na katika fleti hiyo zikapatikana kemikali na vifaa vya kuundia mabomu. Kesi zikaenda na kurudi, na mwaka 2019 akahukumiwa miaka 4 kwa vile vifaa. Tangu Grant akamatwe serikali imeleta mpango wa Nyumba Kumi, unaotaka kila mtu amjue jirani yake, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imetaka ndoa zote zisajiliwe, za Kiislamu zikiwamo. La kwanza mitaani kwetu limepokewa kwa shaka, kwa kuwa jirani anayeripoti kwa chifu haaminiwi tena kibarazani. La pili ni jema, ila karani husajili jina analolikuta katika pasi, na Odeh, Lewthwaite na Fazul kila mmoja alikuwa na jina la kumpa. Muhula wa posa haugharimu kitu, hauhitaji sheria, na kwa simu zilizopo leo habari za mtu wa Moroni au Amman zaweza kuulizwa kwa siku mbili. Ila wazazi wa mitaa yetu ya ng'ambo, Mtongwe na Mlaleo, sasa huuliza tu harusi itakuwa lini.