UKIUMIA KAZINI, MSHAHARA UNAKUWAJE?

Ni asubuhi na mapema. Wakata mkonge wamekwisha ingia shambani. Kila mtu ana kisu chake. Jani la mkonge lina mwiba mkali kwenye ncha. Mwiba huo ukiingia jichoni, jicho linaweza kupotea. Kule kiwandani kuna hatari nyingine. Mashine inayotoa singa hailijui jani wala haiujui mkono. Inasaga chochote kinachoingia.

Tuseme kijana mmoja ameumizwa mkono na mashine hiyo. Daktari anamwambia akae miezi mitatu bila kufanya kazi. Nyumbani kuna mke, watoto na mama mzee. Unga wao hununuliwa kwa mshahara wake. Je, watakula nini miezi hiyo yote?

Zamani swali hilo lilikuwa gumu. Sheria ya fidia ya wakati wa ukoloni, ya mwaka 1949, iliendelea kutumika kwa miaka mingi. Mtu aliyepata kilema cha maisha hakuweza kulipwa zaidi ya shilingi 108,000. Fedha hizo hazikutosha hata kununua ng'ombe.

Mwaka 2008 Bunge lilitunga sheria mpya. Ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ulianza kazi mwaka 2015. Kila mwajiri wa Tanzania Bara anatakiwa kujiandikisha na kuchangia. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Haruhusiwi kukata hata senti moja ya mshahara wako kwa ajili ya Mfuko huu. Makato ya pensheni ni jambo jingine, usiyachanganye.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Wakati anapojiuguza, Mfuko humlipa asilimia 70 ya mshahara wake. Maana yake, katika kila shilingi 100 anapata shilingi 70. Kama mshahara wake ni shilingi 200,000 kwa mwezi, atapata shilingi 140,000. Atalipwa hivyo mpaka aweze kurudi kazini, lakini si zaidi ya miezi 24. Gharama za matibabu nazo hulipwa na Mfuko.

Hapo zimepungua shilingi 60,000. Kwa mwenye watoto shuleni, hilo ni pengo kubwa. Hata hivyo, ni afadhali kuliko kuuza mbuzi mmoja mmoja mpaka zizi libaki tupu.

Akibaki na kilema, daktari hupima ukubwa wake. Kikizidi asilimia 30, hulipwa pensheni kila mwezi. Kikiwa asilimia 30 au chini yake, hulipwa fedha zote mara moja. Akifariki, mjane na watoto wake nao wana haki ya kulipwa.

Taabu kubwa iko kwenye taarifa. Mtu anaumia, msimamizi anamwambia, "Nenda nyumbani ukapumzike, ukipona utarudi." Naye anakwenda. Miezi inapita, na hakuna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba aliumia kazini. Vibarua ndio wanaoachwa hivyo mara nyingi, kwa sababu wanaogopa kupoteza kazi.

Ndugu msomaji, ukiumia mwambie msimamizi siku ile ile, na awepo mwenzako wa kushuhudia. Hospitalini sema wazi kwamba umeumia kazini, ili daktari aandike hivyo. Mwulize mwajiri kama amepeleka taarifa kwenye Mfuko. Usikae kimya mpaka miezi 12 ipite, maana haki yako inaweza kupotea. Mwajiri akikataa, nenda kwa chama cha wafanyakazi au kwa afisa kazi.

Wewe sasa unajua kusoma. Kabla ya kutia sahihi au dole gumba, soma karatasi yote. Angalia jina lako, tarehe ya ajali na kiasi cha mshahara. Kisha omba nakala, uiweke katika sanduku la bati, panya wasiifikie.