Kigego na Filamu ya Kutisha: Mtoto Atishaye Mbele ya Mtazamaji wa Pemba

Miongoni mwa filamu za kutisha ipo aina moja ambayo hutengenezwa kwa fedha kidogo, na ambayo kiini chake ni watoto. Wanaotisha humo si majitu wala mizimu, bali ni watoto wadogo wenye nyuso tulivu na sauti nyembamba, wanaowageukia watu wazima waliowazaa. Huko Uingereza ilitolewa mwaka 1960 filamu iitwayo Village of the Damned, iliyoongozwa na Wolf Rilla kutokana na riwaya ya John Wyndham ya mwaka 1957. Huko Hispania, Narciso Ibáñez Serrador alitoa mwaka 1976 filamu ambayo jina lake ni swali: "Nani aweza kumwua mtoto?" Nako Marekani ilitoka mwaka 1984 filamu ya Children of the Corn, iliyotokana na hadithi fupi ya Stephen King.

Sababu ya unafuu wa filamu hizo haifichiki. Zimwi lahitaji mavazi, rangi, na mafundi wa kulichezesha. Mtoto hahitaji chochote ila kusimama kimya na kukazia macho. Hofu hutoka katika kinyume cha mambo: yule anayepasa kulindwa ndiye anayetishia. Maoni ya watazamaji wa filamu za namna hiyo hugawanyika mafungu matatu. Wako wanaosema kwamba filamu imetisha kweli, na kwamba uchache wa fedha umeisaidia kwa kuiacha wazi. Wako wanaocheka, wakiona kwamba watoto hawajui kuigiza na kwamba damu ni rangi tupu. Na wako, wachache kuliko hao wengine, wanaouliza kama ni haki kumfanya mtoto kuwa chombo cha kutia hofu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi fungu hilo la tatu linavyopata uzito katika Kiswahili, hasa kwa kutazama kisiwa cha Pemba, ambacho kwa muda mrefu kimesifiwa na kusingiziwa mambo ya kutisha kuliko mahali pengine popote katika pwani ya Afrika ya Mashariki.

Sifa hiyo ya Pemba imeandikwa sana na wageni. Evelyn Waugh, aliyepita Zanzibar kabla ya kuchapisha kitabu chake cha safari mwaka 1931, alikitaja kisiwa hicho kuwa makao ya elimu ya uchawi, na mwaka huohuo W. H. Ingrams alitoa kitabu kikubwa juu ya historia na watu wa Zanzibar ambamo habari za waganga na wachawi zina nafasi yake. Wapemba wenyewe, ambao ni wakulima wa karafuu, wavuvi, na watu wa madrasa, mara nyingi wameichukia sifa hiyo. Hata hivyo visa vipo, na vinasimuliwa; na katika visa hivyo mtoto ana mahali maalumu. Husimuliwa kwamba mtu atakaye kuingia katika chama cha wachawi hutakiwa kulipa ada ya mtu wa damu yake, na aghalabu anayetajwa ni mtoto. Hapo mtoto ni bei; ndiye anayetolewa, wala si yeye anayetoa. Msomaji azingatie jambo hilo, maana ni kinyume kabisa cha filamu zilizotajwa.

Lugha nayo inafuata njia hiyohiyo. Mtoto akibadilika tabia ghafla, akapiga kelele usiku au akatazama watu kwa jicho lisilo la kawaida, Mswahili hasemi kwamba mtoto anatenda uovu. Husema kwamba mtoto amepagawa, amerogwa, amechezewa, ametupiwa jini, au amepandwa na pepo. Vitenzi vyote hivyo ni vya kutendwa. Mtendaji yuko nje ya mtoto, na swali la kwanza la mzazi na la mganga huwa: ni nani aliyemtuma, naye ataka nini? Hata tiba hufuata sarufi hiyo, kwa kuwa anayesemeshwa na kubembelezwa au kukemewa ni pepo, na mtoto huhesabiwa kuwa mgonjwa.

Katika filamu ya Rilla hali si hiyo. Kijiji kizima kinalala usingizi usiojulikana chanzo chake. Kisha wanawake wote waliofikia umri wa kuzaa wanajikuta wana mimba, na watoto wanaozaliwa wana nywele nyeupe, macho yenye mng'aro, na akili moja ya pamoja. Watoto hao hawakupagawa na mtu. Wao wenyewe ndio mgeni na ndio hatari. Mtazamaji aliyelelewa katika sarufi ya kupagawa huelekea kungoja aonyeshwe mtumaji, na asipoonyeshwa huona kwamba kisa hakikukamilika. Kwa hiyo neno la kwamba filamu haieleweki, ambalo mkosoaji wa mjini angelidhania kuwa dalili ya ugeni wa mtazamaji katika sanaa hiyo, laweza kuwa hukumu iliyo sahihi ndani ya utaratibu mwingine wa kusimulia.

Hata hivyo haingefaa kusema kwamba Kiswahili hakimjui kabisa mtoto ambaye yeye mwenyewe ndiye hatari. Kinamjua, na jina lake ni kigego. Neno hilo latokana na gego, yaani jino la nyuma la kutafunia. Nalo lataja mtoto aliyeota meno kinyume cha desturi, hasa yule ambaye meno yake ya juu yametangulia ya chini. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yaeleza kwamba mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi, na kwamba zamani aliuawa. Kwa maumbo, neno hili limewekwa katika ngeli ya ki-/vi-, pamoja na kipofu, kiziwi, na kiwete, majina ambayo humtaja mtu kwa kasoro yake. Katika matumizi ya baadaye maana imelegea, hata mtu mzima mwenye kisirani au mkorofi huweza kuitwa kigego kwa matusi au kwa utani. Lakini asili yake si utani.

Tofauti kati ya aliyepagawa na kigego ni kubwa. Aliyepagawa aweza kuponywa, kwa sababu ubaya uko nje yake na waweza kutolewa. Kigego haponyeki, kwa kuwa ubaya umewekwa mwilini mwake, katika jino, naye hakulichagua jino hilo. Ndiyo sababu ya pili kuwa ya mauti. Filamu ya Kihispania yauliza nani aweza kumwua mtoto, ikidhani kwamba jibu la kila mtu ni kwamba hapana awezaye. Na humo watalii wawili wafikao katika kisiwa kidogo washindwa kujilinda kwa sababu hiyo. Neno kigego latoa jibu jingine, lililo zito zaidi: watu wa kawaida waliweza, mara walipokwisha kukubaliana juu ya jina. Haikuhitajika chuki wala ukatili wa pekee. Jina lilitosha.

Yafaa pia kukumbuka methali isemayo kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Hiyo nayo humwekea mtoto ubaya kwa asili yake. Methali ya pili, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, huirudisha lawama kwa mlezi. Lugha imeziweka zote mbili, wala haikuamua kati yake. Mtazamaji wa filamu ya watoto watishao hutumia moja au nyingine, na kwa njia hiyo hukumu yake juu ya filamu huwa pia hukumu yake juu ya watoto.

Kwamba maneno ya hofu yaweza kutoka katika simulizi na kuingia katika vitendo, Pemba imeliona jambo hilo kwa macho yake. Mwaka 1995, katika mwezi wa Ramadhani, ilizuka kisiwani hofu ya popobawa, kiumbe ambaye jina lake limeunganishwa kwa popo na bawa, na ambaye ilisemekana kwamba huwaingilia watu usiku majumbani. Watu walitoka nje wakakesha pamoja wakiota moto. Hofu hiyo ikavuka bahari hadi Unguja, kisha ikafika pwani ya bara. Ilisemwa kwamba aliyeshambuliwa hana budi kuwaambia wengine, la sivyo kiumbe huyo atarudi. Hivyo kusimulia kulikuwa sehemu ya kisa chenyewe, na kisa kilijieneza kwa masharti yake. Katrina Daly Thompson, Martin Walsh, na wataalamu wengine wamekichunguza kisa hicho kwa urefu. Jambo moja halikuwa la kuchekesha hata kidogo: huko Unguja mwaka huo, mtu mmoja aliyekuwa na ugonjwa wa akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye popobawa. Aliyekufa hakuwa kiumbe wa usiku, bali mnyonge aliyekuwa karibu.

Ukitafuta filamu ambayo imefanya kwa watoto yale ambayo neno kigego lilifanya zamani, mfano ulio wazi ni wa Nigeria. Mwaka 1999 ilitolewa huko filamu ya video iitwayo End of the Wicked, iliyoongozwa na Teco Benson na kutolewa na Helen Ukpabio, mhubiri. Ndani yake watoto huitwa usiku katika baraza la kichawi, hula nyama ya watu, na hurudi nyumbani kuwaangamiza wazazi wao. Filamu hiyo ilitengenezwa kwa gharama ndogo, na mng'aro wake ni wa vifaa vya wakati huo. Maoni juu yake yaligawanyika kwa ukali. Waliotetea walisema kwamba ni hadithi kama hadithi nyingine, na kwamba hapana mtu ashurutishwaye kuiamini. Walioshutumu, wakiwamo watetezi wa watoto, walisema kwamba ilionyeshwa kwa watu waliokwisha kuamini, na kwamba ilizidisha kufukuzwa na kuteswa kwa watoto walioitwa wachawi katika jimbo la Akwa Ibom na jirani zake. Mwaka 2008 jimbo hilo lilipitisha sheria ya haki za mtoto ambayo ndani yake kumwita mtoto mchawi ni kosa la jinai.

Filamu za Nigeria zilienea Tanzania tangu mwanzo wa karne hii ya 21, katika kanda na katika vibanda vya video, nyingi zikifuatana na sauti ya mfasiri aliyeeleza kwa Kiswahili yaliyokuwa yakipita. Waongozaji wa Tanzania nao walijifunza humo. Mussa Banzi alitoa Nsyuka, ambayo jina lake ni neno la Kinyakyusa la mfu arudiye, na baadaye Shumileta, kisa cha jini wa kike. Watazamaji wa filamu hizo hawakuzipima kwa gharama peke yake. Kipimo kinachorudiwa katika mazungumzo ya Kiswahili juu ya filamu ni kwamba inafundisha au haifundishi. Wageni wengine wamekidharau kipimo hicho, wakikiona kuwa cha kitoto. Lakini katika suala la mtoto atishaye ndicho kipimo chenye makali kuliko vyote, kwa kuwa chauliza: mtu akiondoka hapa atamtazamaje mtoto wa jirani?

Hapo ndipo kazi ya mfasiri na ya mkosoaji inapoonekana. Kiswahili kina njia nyingi za kuitaja filamu ya namna hii, wala hazilingani. Kusema watoto wa kutisha ni kuwapa hofu hiyo kama sifa yao ya kudumu. Kusema watoto watishao ni kutaja tendo lao katika kisa, na tendo laweza kukoma. Kusema watoto waliopagawa ni kuonyesha kwamba yuko mwingine nyuma yao. Kusema watoto wachawi ni kutoa hukumu kamili, na hukumu hiyo haibaki katika pazia la sinema. Mfasiri aliyeketi na kipaza sauti mbele ya watu hamsini hutoa uamuzi huo kwa nukta moja, mara nyingi bila kujua kwamba ameamua.

Tangu kebo ya umeme ya chini ya bahari ilipoifikisha Pemba katika gridi ya Tanzania bara mwaka 2010, filamu huingia majumbani kwa wepesi usiokuwapo zamani, na mtoto mwenyewe huwa mmoja wa watazamaji. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, imeweka ustawi wa mtoto kuwa jambo la kutangulizwa. Sheria hata hivyo haichagui maneno. Wachaguao ni wasemaji. Iwapo kamusi zijazo zitaendelea kuliweka neno kigego, kama zinavyopaswa, basi hazitakuwa zimetimiza wajibu wake kwa kueleza habari za meno tu. Zieleze pia kwamba neno hilo lilimwua mtoto, ili anayelitumia kwa utani, au kwa kuitaja filamu, ajue analolitamka.